Tulivyomwozesha binti yetu juu ya jabali la Pangani

Tangu turudi Moshi mwezi Oktoba mwaka jana, haipiti wiki bila mzazi mmoja au mwingine kunisimamisha, iwe baada ya misa au pale soko la Mbuyuni, aniulize tuliwezaje kufanya harusi ya binti yetu katika jumba la kale lililo juu ya jabali la bahari, ng'ambo ya Mto Pangani, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani. Wengi wanauliza kwa sababu watoto wao nao wameanza kuzungumzia harusi za pwani. Nimeona afadhali niandike niliyoyaona nikiwa mama wa bibi harusi na katibu wa kamati, kwa kuwa mambo mengi tuliyoyajua mwishoni yangetufaa zaidi tungeyajua mwanzoni.

Pangani ni nyumbani kwa bwana harusi. Babu yake mzaa baba alitoka Buha, mkoani Kigoma, katika miaka ya 1950 akiwa kijana, akaletwa Tanga pamoja na wenzake kwa mkataba wa kukata mkonge, wale waliokuwa wakiitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba na kujulikana kwayo. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alioa hukohuko, akajenga Bweni, upande wa kusini wa mto, na leo watoto na wajukuu wake ni watu wa pwani ambao Kiha chao ni maneno machache ya salamu. Shamba alilolitumikia lilikuwa na jumba la meneja juu ya jabali, likitazama bahari, na jumba hilo bado lipo. Wanaolimiliki sasa hulikodisha kwa wageni na kwa sherehe. Ndilo vijana wetu walilolitaka.

Kwa desturi iliyozoeleka kwetu, upande wa mwanamke hufanya sherehe ya kumuaga binti, na harusi yenyewe huwa ya upande wa mwanamume. Kwa hiyo kwenda Pangani hakukuwa jambo la ajabu kwa ndugu zetu. Kilicholeta maneno ni kwamba vijana walituomba pande zote mbili tuwe wenyeji kwa pamoja, na kwamba wageni wengi wangetoka Moshi na Arusha. Baba Mkubwa, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati, alisema waziwazi katika kikao cha kwanza kwamba haiwezekani tuingie katika nchi ya wakwe zetu tukapange sherehe kana kwamba wao hawapo. Alikuwa na haki kabisa. Kabla ya kuchapisha kadi hata moja ya mchango, tulifunga safari sisi wanne, Baba Mkubwa, mume wangu, shangazi yake bibi harusi na mimi, tukaenda kuzungumza nao.

Naomba hapa nieleze kwa kirefu kidogo, maana ndipo harusi yote ilipopata sura yake.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka ambayo sikuwa nimeyasema mbele ya kamati. Shamba la mkonge la enzi zile lilikuwa mahali pa jasho na uonevu kwa watu walioletwa kulifanyia kazi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu kabisa na mahali tulipokuwa tunakwenda kusherehekea. Miaka michache tu kabla ya hapo, tarehe 15 Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim palepale Pangani kwa kuongoza watu wa pwani kuupinga utawala wao. Kutokana na miche ile 62 kulikua zao ambalo kufikia mwaka 1964 liliipa nchi yetu takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka, tukiongoza duniani, na nyuma ya kila tani kulikuwa na watu waliotolewa Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, wakilala kwenye kambi na kuhesabiwa kazi kwa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30. Nilijiuliza kama ni adabu kwenda kula pilau katika baraza la meneja.

Swali hilo nilimpelekea babu mwenyewe. Tulimkuta ameketi chini ya mkorosho nje ya nyumba yake, na baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya Baba Mkubwa kukabidhi zawadi tulizobeba, nilimwambia kwamba wajukuu wanalitaka lile jumba, na kwamba kama moyo wake hauko radhi, sisi tutatafuta mahali pengine bila kinyongo. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani hakunisikia vizuri. Kisha akasema kwamba mlango wa jikoni wa jumba lile anaufahamu, kwa kuwa kuna mwaka aliondolewa kwenye ukataji baada ya kuchomwa jicho na mwiba wa mkonge, akapewa kazi ya kupeleka kuni. Akaniuliza, "Na wenzangu watakuja?" Sikumwelewa, ndipo mwanawe akanifafanulia kwamba wamebaki wazee watano pale Bweni na vijiji vya jirani waliofanya kazi pamoja naye, wakataji na mmoja aliyekuwa kwenye korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge. Tuliandika majina yao siku hiyohiyo, yakiwa ya kwanza kabisa katika orodha ya wageni. Hakusema zaidi ya hapo kuhusu ruhusa, na mzazi mwenzangu akatuambia tulichukue swali lile kuwa ndilo jibu.

Baada ya hapo mambo ya utaratibu yalikwenda vizuri, nami nitayapitia haraka. Sisi ni Wakatoliki, na ndoa ya Kikatoliki mahali pake ni kanisani. Kuifungia sehemu nyingine kunahitaji kibali cha askofu, na sisi hatukuona sababu ya kukiomba. Ndoa ilifungwa katika kanisa la parokia ya bwana harusi, na jumba likabaki la mapokezi na karamu. Binti alichukua barua kutoka parokia yetu, cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, na matangazo yalisomwa pande zote mbili. Anayependa ndoa ya serikali akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla, na siku hizo hupita upesi mno mtu akiwa anahangaika na mambo ya usafiri.

Kwa habari ya tarehe ningependa kila mzazi anayetazamia harusi ya bahari anisikilize. Sisi watu wa milimani tunapanga harusi kwa kutazama mvua na likizo. Pwani kuna mambo mengine mawili, upepo na maji. Tulikuwa tumekwisha kuchagua Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Septemba, na binti alikuwa amefurahi kwamba usiku huo kungekuwa na mwezi mpevu, mpaka mjomba wa bwana harusi, ambaye ni mvuvi, alipotuuliza kwa upole kama tunafahamu maana ya mwezi mpevu kwa bahari. Akatueleza kwamba mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama ndipo bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, linapokuja, na katika pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi jioni, ndiyo saa ileile tuliyotaka maharusi wateremke ngazi kupiga picha kwenye mchanga. Siku kama hiyo hakuna mchanga wowote chini ya jabali. Mawimbi yanapiga mwamba moja kwa moja na ngazi za chini zinamezwa. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa kumi jioni huwa yako chini. Tulisogeza tarehe hadi mwishoni mwa Septemba, siku ya maji mafu. Kwa kusogea huko tulipata faida nyingine: kusi, ule upepo mkali wa miezi ya katikati ya mwaka, ulikuwa unapungua nguvu, na mvua za vuli zilikuwa hazijaanza.

Jua nalo lina mambo yake. Kadi nyingi za harusi za bahari huchorwa jua likizama majini, lakini pwani yetu inatazama mashariki, na jua huzama nyuma ya nyumba, juu ya minazi na mashamba. Binti alipolitambua hilo alisikitika kwa siku nzima. Tulipokwenda kukagua tukaona uzuri wake: kuanzia saa kumi jioni kivuli cha jumba kinafunika uwanja wote wa nyasi ulio upande wa bahari, wageni wanakaa kwenye ubaridi, na bahari mbele yao bado inang'aa kwa mwanga laini usioumiza macho. Tukapanga mapokezi, hotuba na zawadi vifanyike kwenye uwanja huo wa bahari, kisha giza likiingia watu wahamie ua wa nyuma, uliokingwa na jumba lenyewe dhidi ya upepo, kwa ajili ya chakula na muziki.

Jumba la kale linahitaji kuheshimiwa kama mtu mzee. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko, na baraza la juu linazunguka pande tatu. Mtunzaji wa jumba, mzee mtaratibu anayelifahamu kila ufa, alitutembeza na kutuonyesha sehemu ambayo mtu fulani zamani aliziba ukuta kwa saruji; unyevu ulikosa njia ya kutokea, chokaa ya pembeni ikavimba na kumomonyoka kama mkate uliolowa. Tangu hapo wanatumia chokaa tu. Akatuomba tusigongomelee msumari wowote, tusibandike gundi kwenye rangi, na tusipandishe watu zaidi ya 20 kwa wakati mmoja katika baraza la juu, ambalo mbao zake ni za umri wake. Tulitia masharti hayo katika mkataba wa kila mtu tuliyemlipa, na MC aliyatangaza mara mbili.

Jambo lililoninyima usingizi zaidi ni ukingo. Kutoka kwenye nyasi hadi ukingoni ni hatua thelathini hivi, na baada ya hapo ardhi inakatika. Chini kabisa ni miamba myeusi yenye ncha kama wembe. Kuna ukuta mfupi wa mawe unaonifikia magotini. Watoto wetu wamezoea miteremko ya Kibosho na Marangu, ambako ukiteleza unashikwa na mgomba au mkahawa. Pale hakuna cha kukushika. Tulinunua Tanga kamba nene ya katani, tukaizungusha kwenye vigingi hatua kumi kabla ya ukingo, tukaitundikia taa ndogondogo ili ionekane usiku, na vijana wanne wa ukoo wakapangwa zamu, wawili wawili, bila kuonja kinywaji chochote mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Watu waliisifia kamba ile kwa uzuri wake. Mimi niliipenda kwa kazi yake, na nilimwona babu akipita akaishika, akausugua uzi kwa vidole viwili kama mwanamke anavyojaribu kitambaa dukani, akaendelea na safari yake.

Mpambaji tuliyemtoa mjini hakutuelewa kuhusu upepo, ingawa tulimwambia. Alileta vitambaa virefu vyeupe akavitundika kwenye fremu za chuma zilizosimama juu ya nyasi, na tulipomuuliza atazifungaje alijibu kwamba ana vigingi. Chini ya nyasi zile kuna udongo wa kina cha kiganja, kisha mwamba, kigingi hakiingii. Ijumaa alasiri upepo wa bahari ulizilaza fremu tatu, moja ikaanguka juu ya viti ambavyo, kwa rehema za Mungu, havikuwa na mtu. Niliumia sana, kwa sababu tulikuwa tumelipa fedha nyingi na jambo lenyewe tulilitaja tangu siku ya kwanza. Jioni hiyo vijana wa Bweni walijaza mchanga kwenye viroba na kuzikandamiza fremu chache zilizobaki, akina mama wa Pangani wakaleta makuti na maua ya asumini, na asubuhi uwanja ulikuwa umependeza kuliko mchoro tuliouidhinisha. Ningeanza upya leo, ningewatafuta akina mama wale kwanza.

Sasa safari. Tulipunguza wageni kwa makusudi: sherehe ya kumuaga binti ilifanyika Moshi wiki mbili kabla, tukawalisha watu zaidi ya mia tatu, ili asiwepo jirani wala mwanajumuiya atakayesema alisahauliwa, na Pangani tukaenda na watu 74. Kosta tatu ziliondoka Moshi saa kumi na moja alfajiri ya Alhamisi. Niliwapanga wazee viti vya mbele, kila mmoja na kijana wa kumhudumia, na dawa zao za presha na sukari zikiwa katika mkoba mmoja niliokaa nao mimi. Tulipita Same milima ya Upare ikiwa imeshika ukungu, tukala Mombo, tukaiacha barabara ya Dar es Salaam pale Segera, tukanunua machungwa Muheza, na saa kumi jioni bibi mmoja ambaye katika miaka yake 79 hakuwa amewahi kuiona bahari alishuka kwenye gari, akaitazama, akaomba kiti, akakaa, na hakutaka kusemeshwa na mtu.

Kosa letu kubwa lilikuwa kivuko. Kanisa liko upande wa mjini, jumba liko ng'ambo, na wakati ule daraja lilikuwa bado linajengwa. Katika ratiba niliandika "kuvuka, dakika 20", nikihesabu muda wa chombo kukata maji na kusahau muda wa kusubiri, kupakia na kushusha. Siku ya Alhamisi tulitumia karibu saa mbili kuvusha kosta tatu. Nilishukuru kwamba tulijifunza siku ile na si Jumamosi. Tulibadilisha mpango mzima usiku huohuo: misa tukaomba ianze saa tano asubuhi badala ya saa nane, magari yote yakabaki ng'ambo, upande wa jumba, wageni wakavuka kwa miguu kama watu wengine wa Pangani, na upande wa pili bajaji na magari mawili ya jamaa zake bwana harusi yakawapeleka wazee kanisani. Maharusi nao walivuka kwa miguu. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ile ya binti yangu amesimama katikati ya kivuko, shela lake limeshikwa na shangazi kwa mikono miwili lisipeperuke, pembeni kuna mama mwenye tenga la kuku, na kila mtu chomboni anapiga vigelegele.

Maji yale yana maana kwetu. Mto Pangani unaanzia kwetu. Weruweru, Karanga na Kikafu tunayoipita kila siku inamiminika Kikuletwa, Kikuletwa na Ruvu vinakutana Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unashuka mpaka pale tulipokuwa tunavuka. Mume wangu alilitaja hilo katika hotuba yake, akasema hatukumleta binti ugenini, kwa kuwa maji aliyobatizwa nayo yalitangulia zamani. Wakwe zetu walisimama kumpigia makofi.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilinipa kazi yangu ya pekee. Wazee walisema hawawezi kumkabidhi binti bila mbege, na kila Mchaga anajua kwamba mbege haina subira. Ikishachanganywa leo, kesho ni tamu, na baada ya hapo inaendelea kuchachuka, sembuse katika joto la pwani. Kuibeba tayari kwa siku mbili katika madumu kungekuwa kubeba mabomu. Mama mmoja wa Kibosho, ambaye amepika mbege maisha yake yote, alinifundisha tuigawe. Ndizi mbivu zilichemshwa Moshi mpaka zikawa nyekundu, zikafunikwa siku kadhaa, tukakamua maji yake na kuyatia kwenye ndoo ambazo vifuniko vyake tuliviacha vimelegea ili hewa itoke. Ulezi ulioota na kukaushwa tuliusaga, ukasafiri peke yake, na magome ya msesewe yakasafiri yamefungwa kwenye gazeti. Ijumaa jioni, katika jiko la nje la jumba lile, mama yule alipika uji wa ulezi na msesewe katika sufuria kubwa, akaupoza kwa kuuinua na kuumimina kwa kata, akachanganya na maji ya ndizi, akafunika kwa majani ya mgomba ya Bweni. Alikuja kuiangalia mara mbili usiku, kwa kuwa joto lile liliiharakisha, na alfajiri akaihamishia kwenye sakafu ya mawe ya stoo ili ipoe. Mchana ilikuwa sawasawa.

Karamu ilikuwa ya pande mbili bila kushindana. Kulikuwa na ndafu wawili, yaani mbuzi wa kuchomwa wazima, tuliowabeba kutoka Moshi, wakachomwa na vijana wetu, na kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchuzi wa pweza wa upande wa pili, ambao wazee wetu waliutazama kwa hofu mwanzoni na kuumaliza mwishoni.

Wale wazee watano walikuja wote, wakiwa wamevaa kanzu na makoti. Viti vyao tuliviweka katika baraza la chini, mbele, pamoja na babu, mahali ambapo kutoka hapo bahari yote inaonekana. Kabla ya hotuba, mume wangu na Baba Mkubwa walipanda ngazi za baraza, wakamwamkia kila mmoja, na badala ya MC kusema "wazee wetu wa heshima" akapita kwa jumla, mume wangu alishika kipaza sauti akataja jina la kila mzee, jina la baba yake, na kwao alikotoka kabla ya kuletwa Tanga. Tulikuwa tumemwomba mzazi mwenzetu atukusanyie majina hayo mapema. Mzee aliyefanya kazi kwenye korona, ambaye mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili, aliitikia kwa sauti kubwa kama mtu anayeitwa kwenye orodha, "Naam!" Watu hawakupiga makofi. Walisimama tu, wa Moshi na wa Pangani, wakakaa kimya mpaka jina la mwisho.

Ndipo mbege ikaletwa. Shangazi alipiga magoti akampa babu kata ya kwanza. Aliinusa kabla ya kuonja, akanywa kidogo, akainamisha uso, akanywa tena. Akaniita. Akaniambia kwamba kwao Buha nao walikamua ndizi, mama yake alikuwa akifanya hivyo, na kwamba tangu aondoke hakuwa amekunywa kitu cha jamii ile, kwa kuwa pwani watu wanagema tembo la mnazi. "Lakini hiki kichungu cha nyuma ni nini?" aliuliza. Nikamletea kipande cha gome la msesewe kutoka jikoni. Alikigeuza mkononi, akakikwaruza kwa ukucha, akakitia mfuko wa koti.

Jumapili maji yalipokupwa tuliteremka ngazi na wazee wetu, taratibu, mpaka kwenye mchanga, wakakanyaga maji ya bahari na kuokota vijiwe vya kwenda navyo nyumbani. Alasiri tukaanza kuvuka kurudi, safari hii tukiwa na watu 73. Sitaandika habari za kuagana.

Mwezi Desemba binti alinipigia simu kwamba babu anauliza kama lile gome hupatikana sokoni. Nilimtumia kifurushi kwa basi la Tanga, msesewe na kilo tatu za ulezi uliokwisha kuota na kusagwa, na maelezo niliyoandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake. Ndizi walipata palepale. Wiki iliyopita nimefunga kifurushi cha pili. Wale wazee wengine nao wanataka.